Mkono Mmoja wa Kulisha Mbwa

Katika mtaa wetu wa Bunia, mbwa akifa ghafla hatuulizi alikuwa na ugonjwa gani. Tunauliza wezi watakuja kwa nani. Kuna wakati mbwa wa avenyu yetu walianza kukutwa asubuhi wamelala ubavu, mapovu mdomoni, na haikuchukua muda nyumba iliyopoteza mbwa ikapoteza na televisheni. Mimi nilikuwa naishi peke yangu. Mume wangu ameshafariki, watoto wako mbali, kila mmoja na nyumba yake, na kazi yangu ni kuuza samaki wa kukaushwa wanaopanda kutoka Tchomia, kule ziwani. Mwenye meza sokoni hurudi jioni, na anayetaka kujua nyumba yangu inabaki tupu saa ngapi hana haja ya kuuliza. Nilijiambia wazi kwamba wakimmaliza mbwa wangu, anayefuata ni mimi.

Wengi hungoja mbwa ameshameza sumu ndipo wanakimbilia mafuta ya mawese na maziwa. Wanamshika taya, wanamimina kwa nguvu, na mafuta yanaingia kwenye mapafu. Mbwa anakufa kwa dawa kabla hajafa kwa sumu, kisha watu wanasema sumu ilikuwa kali. Mimi sikutaka kufika huko. Nilitaka asile kabisa cha mtu.

Namna ya kumfundisha mbwa hivyo tunaijua sote. Unachukua kipande cha nyama, unakipasua katikati, unashindilia pilipili ile ndogo, halafu unamwita jirani ampe mbwa wako kwa mkono wake. Mbwa anameza kwa furaha, kisha analia na kusugua mdomo kwenye majani. Hapo unatoka wewe na maji na chakula kizuri. Kesho unaita jirani mwingine. Mwishowe mbwa anaelewa kwamba dunia yote ina pilipili isipokuwa mkono wako. Niliita karibu avenyu nzima, hata katekista, na hakuna aliyekataa, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba anayekataa atatiliwa shaka.

Aliyesumbua ni mmoja tu, mama wa ng'ambo ya ukuta. Alikuwa amehamia kutoka Butembo, anauza vitenge, na mumewe nilimwona mara chache mno kwa mwanamume anayesemekana yupo. Tangu afike alikuwa akiulizia mbwa wangu. Analala wapi mchana? Anapenda nini? Mtu ana sababu gani ya kutaka kujua mbwa wa mwenzake anapenda nini? Siku moja alirusha mfupa juu ya ukuta. Niliusukuma kwa kijiti mpaka kwenye shimo la taka, nikaufukia, nikaweka jiwe juu.

Nilipomwita aje kumpa nyama ya pilipili, aliishika ile nyama akaitazama.

"Mama, miye nimupatie pilipili juu ya nini? Imbwa hii ilinikosea nini?"

"Umupatie tu. Wote balimupatia."

Alimpa, akageuza uso mbwa alipoanza kulia. Huruma ile haikunipendeza. Nililala nikiwaza kwa nini mtu wa Butembo amlilie mbwa wa Bunia.

Daktari wa mifugo alipopita kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, nilimwonyesha kwa majivuno. Alimrushia kipande cha biskuti, mbwa akakinusa akarudi nyuma. Nilitegemea sifa. Yeye akaniuliza, "Na weye ukigonjwa, nani atamulisha?" Akasema mbwa wa kulinda afundishwe mikono miwili, wa mwenye nyumba na wa mtu mwingine anayeaminika, na kwamba mbwa anavumilia njaa kuliko kiu, kwa hiyo maji yasikosekane hata siku moja. Ya maji niliyapokea. Ya mkono wa pili niliona ni maneno ya mtu asiyekaa kwenye avenyu yetu. Huyo anayeaminika, ningempata wapi? Hata yeye daktari nilimsindikiza mpaka langoni na kuangalia anaelekea wapi.

Basi tukaishi hivyo, mimi na mbwa wangu. Nilimpa fufu, ule ugali wetu wa muhogo, iliyochanganywa na vichwa vya samaki nilivyovitoa miiba, kwa sababu mwiba wa samaki mkavu unachoma koo. Nilimkagua kupe masikioni na katikati ya vidole kila Jumapili baada ya misa. Mezani pa watu sikuwa nikila, na yeye vilevile.

Kisha siku moja tumbo lilinishika sokoni. Wenzangu wa meza walinibeba hospitali, na jioni ileile nikapasuliwa. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichotafuta ni funguo. Zilikuwa bado zimefungwa kwenye pindo la kitenge changu, ya lango na ya mlango wa nyumba. Cha pili nilichokumbuka ni mbwa, na hapo nikalia, muuguzi akadhani ni kidonda.

Jirani wa Butembo alikuja kuniona. Alikuwa amechoka usoni.

"Mama, imbwa yako inakatala kukula. Tunatupa chakula juu ya ukuta, inanusa tu, inaenda kulala mbele ya mulango. Inakunywa maji ya mvua pale chini ya bati. Mbavu zinaanza kuonekana."

Nilimuuliza wametupa chakula gani, na nani, na saa ngapi. Alinijibu yote bila kukasirika, na mimi nikamshuku kwa kutokasirika kwake. Kisha akatoa sahani ya fufu aliyoifunika kwa kitambaa. Aliwaza kwamba nikiifinyanga mimi kwa mikono yangu, mbwa atanusa na kukubali. Nilifinyanga nikiwa nimelala, mshono ukinivuta, watu wa vitanda vya pembeni wakinitazama. Akaondoka na vile vitonge. Kesho yake akavirudisha vilevile, vimekauka. Mbwa alikuwa amevinusa kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu akaviacha, kwa kuwa vilipita mikononi mwa mwingine.

"Nipe ufunguo ya lango," akasema. "Nitakaa naye ndani. Mutu akirusha kitu juu ya ukuta, hata mimi singekula."

Ndio hapo, nikawaza. Ndicho alichokuwa anakitafuta tangu siku ya kwanza. Mbwa ana njaa, mwenye nyumba yuko kitandani, na sasa anaombwa ufunguo kwa sauti ya upole. Kama ningekuwa mwizi mwenye akili, na mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini nikikataa, mbwa anakufa, na niliyemfunga mdomo ni mimi mwenyewe, si mwingine. Nilifungua fundo la kitenge polepole. Nilimpa ufunguo wa lango, nikamweleza fufu yake inavyochanganywa na vichwa vya samaki. Wa nyumba nikaufunga tena mbele yake, mafundo mawili, ili aone kwamba nimefikiri.

Aliona. Akaufunga wa lango kwenye pindo lake, akaondoka.

Siku zilizofuata hakuja, na sina haja ya kueleza niliyoyawaza. Niliiona nyumba yangu ikihamishwa kitu kwa kitu. Niliuona mlango umeng'olewa. Usingizi ulikuwa unakuja na kukimbia, na kila mgeni wa wodi aliyeingia nilimtazama viatu kama ni vyangu. Hatimaye alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akicheka peke yake.

"Alikula," akasema.

Alinieleza alivyofanya. Alikaa chini kwenye ua na sahani. Mbwa akaja, akanusa, akarudi nyuma. Basi akakumbuka pombe. Kwetu anayempa mgeni pombe huonja kwanza mwenyewe, anameza mbele ya macho yake, ndipo anampokeza kikombe, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Jirani yangu alimega fufu ya mbwa, akala. Akamega tena, akala, mbwa akimwangalia mdomo. Aliendelea hivyo mpaka karibu amalize sahani yeye, kisha akaweka tonge moja kwenye kiganja. Mbwa akalichukua.

"Vichwa ya samaki pia ulikula?" nikamuuliza.

"Pia. Na munyu ulisahau kunifundisha, mama. Chakula ya imbwa yako haina munyu."

Nilimwambia mbwa hatakiwi chumvi. Nilisema hivyo kwa ukali, nikageuza uso upande wa ukuta.

Niliporuhusiwa kutoka alinileta nyumbani kwa pikipiki, mwendeshaji akienda taratibu kwenye mashimo. Kabla ya kumsalimia mbwa nilizunguka nyumba. Kufuli ya mlango ilikuwa mahali pake. Madirisha yalikuwa mazima. Nilitazama bati, nikatazama udongo chini ya dirisha la chumba cha kulala, nikatafuta alama za viatu, na jirani alisimama langoni akinisubiri nimalize. Kisha nikamkagua mbwa. Alikuwa amekonda lakini fizi zilikuwa nyekundu vizuri, macho safi. Nilitafuta kupe masikioni, sikukuta hata mmoja. Niliuliza nani amewatoa.

"Mimi. Si ulisema kila Jumapili?"

Sikumbuki kumwambia. Labda alinisikia juu ya ukuta nikizungumza na mbwa. Nililiweka hilo akilini kulichunguza baadaye.

Mbwa alinifurahia, hilo siwezi kukana. Alitikisa mkia, akalamba miguu yangu. Nikaona nisikae, nimlishe palepale. Jirani alikuwa ameacha fufu jikoni kwake, akaileta pamoja na vichwa vya samaki. Nilichanganya kwa mikono yangu, nikatoa miiba, nikafinyanga tonge, nikainama kwa shida nikishika tumbo, nikamnyooshea.

Alinusa vidole. Mikono yangu ilikuwa na harufu ya hospitali, ile dawa wanayomwaga sakafuni na sabuni wanayotuogeshea. Alinusa tonge, akanusa tena vidole, halafu akarudi nyuma hatua moja na kukaa. Alinitazama usoni kwa adabu, kama nilivyomfundisha kumtazama kila mtu. Niliita jina lake. Alitikisa mkia na hakusogea. Akageuza kichwa kumtazama jirani.

Jirani aliangalia pembeni, kwa namna anavyofanya mtu anayemwona mwenzake amevuliwa nguo. Nilibaki nimeinama na mkono nje. Mshono uliniuma, wivu ukaniuma zaidi, na sikuwa na mtu wa kumlaumu hapo uani.

Ndipo jirani akaja, akachuchumaa kati yangu na mbwa. Alimega kipande kutoka kwenye tonge lililokuwa mkononi mwangu, akakitafuna taratibu, akameza, mbwa akimfuata kwa macho. Alinishika kifundo cha mkono, akausogeza mkono wangu mbele. Mbwa akanyoosha shingo na kula.

"Usihangaike, mama," akaniambia. "Atakuzoea."