Mpira wa Baiskeli kwenye Mpini wa Bastola

Sikupenda kukisimulia hiki kisa, na kama si kwamba nyie mmeshakisikia kwa wengine na kila mmoja amekiongezea chumvi yake (yupo aliyesema nilijipiga risasi ya mguu, na yupo aliyesema nilizimia nikabebwa kwa mkokoteni), ningekufa nacho. Lakini aibu ni yangu, basi bora niieleze mwenyewe nilivyoipata. Sikujipiga mguu. Nilichofanya ni kibaya kuliko hicho, na mpaka leo nikinawa mikono naitazama hii ya kulia najiuliza ilikuwaje.

Mnajua kazi yangu. Miaka kumi na tisa nimefundisha walinzi kulenga shabaha kwenye kampuni ya Bwana Harjinder, yule Singasinga ambaye babu yake alikuwa na duka la vipuri pale mjini na ambaye mwenyewe anaongea Kimeru kizuri kuliko wanangu. Walinzi wote waliopita mikononi mwangu wananiita Mwalimu, na mimi jina hilo nililipenda kupita kiasi, nasema ukweli, nilikuwa nikiitwa Anaeli tu barabarani naona kama mtu amenipunguzia kitu.

Sasa bastola zetu za zamani zilikuwa na mpini mnene, ukishika unajaa kiganja kama kiazi kikubwa, na mikono yangu mnaiona ilivyo (Mama Nuru, mke wangu, husema nikimshika mjukuu shavu uso wote unapotea), kwa hiyo mimi na ile bastola tulikuwa tumeoana, nikiinua tu risasi inakwenda ninapotaka. Mwaka huu Bwana Harjinder akaleta bastola mpya sita, nyembamba, nyepesi, nzuri kwa kubeba chini ya koti. Akaniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, hizi zina mpini mwembamba, watu wanapata shida mwanzoni. Jizoeze wewe kwanza, halafu ndiyo uwafundishe."

Nikamjibu, "Bosi, bastola ni bastola."

Jibu hilo moja ndilo lililozaa mengine yote. Ningesema "sawa bosi" nikaenda kufanya mazoezi, leo tungekuwa tunaongelea bei ya kahawa.

Siku ya kwanza tukaenda nazo kwenye uwanja wetu wa shabaha, yale machimbo ya zamani ya moramu upande wa juu wa Ngaramtoni, ambako kuna ukuta mrefu wa udongo unaomeza risasi. Nikapiga tano. Zote tano zikaenda kulia, mbili zilikosa hata karatasi. Nikasema upepo. (Hapakuwa na upepo, moshi wa mkaa kule chini ulikuwa umesimama wima.) Kisha nikampa Neema, binti wa Kikatiti, mlinzi ambaye hajamaliza hata mwaka kazini, ana vidole vyembamba kama vya mtu wa kushona, naye akapiga tano akaweka zote katikati, ungeweza kuzifunika kwa kifuniko cha chupa ya chai. Wenzake wakashangilia, mimi nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Tulipokuwa tunakusanya vitu akanifuata pembeni. Kwa heshima zote, mikono nyuma.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, naomba niseme kitu. Naona kidole chako kinaingia sana kwenye triga. Mpini ni mwembamba, mkono unazunguka wote mpaka kidole kinapitiliza, kwa hiyo ukivuta unaivuta na bastola yenyewe kulia. Labda ujaribu kuvuta kwa ncha tu."

Ilikuwa kweli tupu. Nilijua ni kweli hata kabla hajamaliza, maana hayo hayo ningemwambia mtu mwingine. Lakini wale wengine walikuwa wamesogea wanasikiliza, na mimi nikasema kwa sauti, "Neema, wewe juzi tu nilikufundisha kufunga kamba za buti, leo unanifundisha kidole?" Wakacheka. Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe Mwalimu," akaenda zake kupanda gari.

Jaribio la mwaka lilikuwa wiki mbili mbele. Hilo anakuja afande wa polisi anayekagua silaha, kila mtu anapiga risasi kumi mbele ya wote, na anayeshindwa anaweka silaha chini mpaka afundishwe upya. Kwa mlinzi wa kawaida ni jambo la kuudhi tu, lakini kwa mkufunzi ni mwisho wake, unapewa rungu na daftari unakwenda kukaa getini. Nilikuwa na wiki mbili nzima za kuufundisha mkono wangu mambo mapya. Sikwenda hata siku moja, kwa sababu ili ujizoeze lazima kwanza ukose, na ukikosa lazima kuna mtu atakuona.

Badala yake nikaona bora niirekebishe bastola.

Nyie ni watu wa huku, mnajua kwetu hakuna kitu kisichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Panga likilegea mpini, mpira. Jembe, mpira. Mzigo kwenye bodaboda, mpira, bomba linavuja, mpira. Baba yangu aliacha panga lenye mpira aliouzungusha yeye mwenyewe na mpaka leo nalitumia kukatia migomba. Basi nikapita kwa fundi baiskeli pale Ngaramtoni, akanikatia utepe wa tyubu, na asubuhi ya jaribio, kwenye stoo ya silaha ambako funguo nashika mimi, nikauzungusha kwenye mpini mara tatu nikakaza. Nikashika. Kiganja kikajaa, kidole kikarudi mahali pake pa zamani. Nilifurahi jamani, nilicheka peke yangu mle stoo, nikaichomeka kwenye mkoba wake wa kiunoni asiione mtu.

Tulikuwa watu kama ishirini pale machimboni, Bwana Harjinder na kilemba chake cha bluu, afande na daftari lake, walinzi wamepanga mstari nyuma. Neema alipangiwa kusimama kushoto kwangu kunipa magazini, vile vikasha vya risasi, maana kila anayepiga anakuwa na msaidizi. Nikaingia, nikainua, nikapiga ya kwanza, katikati. Ya pili, katikati. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Mwalimu huyo!" na moyo ukavimba. Ya tatu katikati, ya nne pembeni kidogo tu.

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba panga halina kitufe. Bastola ina kitufe pale juu ya mpini, ukikibonyeza magazini inatoka. Mkono ulikuwa unatoka jasho, bastola inaruka kila nikipiga, na ule mpira ukaanza kujiviringisha taratibu kupanda juu, ukakikalia kile kitufe, na nilipokaza mkono kwa risasi ya tano magazini ikachomoka ikadondoka juu ya buti langu, to!

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Ni huyo mmoja tu, lakini masikio yangu yakawaka moto.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Somo langu la kwanza, ambalo nimeliimbisha vikosi na vikosi kwa miaka kumi na tisa, ni kwamba magazini kutoka siyo bastola kuwa tupu, kuna risasi moja imeshaingia ndani inasubiri. Unasimama, mtutu unabaki kwenye udongo, kidole kinatoka nje, unaita. Neema mwenyewe nilimsimamisha nikamuuliza siku ya mtihani wake, akalijibu bila kukosea neno. Na mimi mwenye somo, nilichokiwaza wakati ule ni mpira. Niuondoe kabla afande hajauona! Nikaishusha bastola tumboni, mtutu ukitazama chini, nikaanza kuusukuma ule mpira kwa dole gumba, na kidole kile kile alichonionya Neema kikiwa kimezama ndani ya triga mpaka kwenye kiungo.

Naye Neema akainama. Hakuagizwa na mtu. Kitu cha mkubwa kimeanguka, mdogo yuko karibu, ataachaje? Ndivyo tulivyolelewa sisi wote hapa, kitu cha mzee hakikai chini vijana wakitazama.

Bastola ikalia.

Nakumbuka vumbi, na mguu wake mmoja wa buti. Alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja shavuni, na damu inapita katikati ya vidole. Nilijua nimemuua. Nilikuwa na hakika kabisa, nikaanza kumwona mama yake ambaye sikuwa namjua. Kisha akainua ule mkono mwingine, umeshika magazini yangu, akaninyooshea.

"Hii hapa, Mwalimu," akasema.

Risasi ilikuwa imeingia ardhini, upana wa kiganja kutoka mkono wake. Kilichomchana shavu ni kipande cha jiwe. Hayo niliyajua baadaye, wakati ule mimi nilikaa chini kwenye moramu nikalia, nikalia kwa sauti mbele ya watu ishirini niliowafundisha wasitetemeke. Afande akaichukua bastola mkononi mwangu, akaikagua, akauvuta ule mpira ukanyooka mrefu hewani.

"Mzee, hii ni nini?"

"Mpira, afande."

"Mpira wa nini?"

"Wa baiskeli."

Hapo ndipo wakacheka. Siwalaumu, walikuwa wameogopa na kicheko kiliwatoka tu, hata waliokuwa wanamfunga Neema kitambaa walicheka, na mimi nikiwa pale chini na kamasi. Asiyecheka alikuwa Bwana Harjinder. Alinisogelea akasema, "Anaeli." Miaka kumi na tisa hakuwahi kuniita hivyo. "Anaeli, nenda nyumbani."

Habari ilinitangulia kufika kwetu Sekei. Jioni ile ile nimekwenda dukani kununua sabuni nikaamkiwa, "Shikamoo Mwalimu Tyubu," na kijana aliyesema hivyo uso wake ulikuwa wa heshima kabisa.

Jumamosi nikachuma jani la sale, lile ambalo huku mlimani mtu akikuletea kuomba msamaha huwezi kumfukuza, nikaenda Kikatiti na Mama Nuru. Neema alikuwapo, ana plasta shavuni, akatuamkia akaingia jikoni kutuchemshia chai (chai! mimi!). Mama yake ni mjane, mama mfupi mwenye mikono ya kazi, alikuwa anaanika kahawa. Nikampa jani kwa mikono miwili nikasema yote, na la kidole, na la kumcheka mwanawe mbele ya wenzake, na la mpira. Alilipokea. Alikaa nalo mapajani akilikunja na kulikunjua.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Ila nikuulize. Mimi ndiye niliyemfundisha kuinama, kitu cha mkubwa kikianguka. Nilimchapa akiwa mdogo kwa ajili ya hilo. Sasa nimwambieje?"

Tulikunywa chai tukarudi.

Nilikaa getini na rungu miezi mitatu, sikulalamika. Nilipoitwa kufundishwa upya, mkufunzi alikuwa Neema, ana kovu dogo hapa chini ya jicho. Hakunitania hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kutaniwa. Alinishika mkono kama nilivyokuwa nawashika wengine, akanionyesha, mkono wa kulia usikabe, ulegee, wa kushoto ndio ubebe kazi, kidole kirudi nyuma, ncha tu. Nilikosa sana. Nilikosa mbele ya watu wiki nzima, na mkono ukajifunza, kumbe ulikuwa unahitaji siku sita tu. Lakini kabla ya hayo yote, siku ya kwanza, aliwapanga wanafunzi mstari, mimi nikiwa mwishoni, akasema, "Hapa kitu cha mtu kikianguka, hata kama ni cha mzee, hakuna wa kuinama mpaka mimi niseme." Akanitazama. "Mwalimu, unikosoe kama nimekosea." Nikamwambia hajakosea.

Nimeshaapa, sifungi tena kitu chochote kwenye silaha, na nikiambiwa jambo na mdogo wangu kwanza nanyamaza nilisikilize. Hilo ni rahisi. Ambalo halijanitoka ni lile lingine. Jumapili iliyopita tuko kanisani, mchungaji anaomba, kitabu changu cha nyimbo kikateleza kikaanguka, na binti wa jirani aliyekaa kando yangu akainama kukiokota, nami nikajisikia napiga kelele, "Acha!" katikati ya sala, kanisa zima likageuka. Yule binti akaganda. Nikainama mwenyewe, magoti yanalia, nikakiokota, nikakikumbatia kifuani mpaka amina.