Jivu la Jikoni Kwenye Boneti ya Mkwe

Wacha niseme mwenyewe, kwa sababu nimesikia ikisemwa vibaya sokoni: ndiyo, ni mimi niliyesugua gari ya mkwe kwa jivu la jikoni, na hapana, sikuwa nimelewa (pombe sijaonja tangu nizaliwe), nilikuwa na akili zangu zote.

Mjukuu wangu Achieng' alikuwa anaolewa Jumamosi. Ijumaa asubuhi mjomba wa bwana harusi, mwalimu mpole wa huko Maseno, akaleta gari yake nyeusi kwangu Nyamasaria ndiyo imbebe bibi harusi kesho yake. Akasimama mbali kidogo, kwa heshima ya ukwe, akaweka ufunguo mezani akasema, "Mama, hii gari sina nyingine. Nawaachia." Sasa sikia hayo maneno. Kitu cha mkwe kikiharibikia kwako, kinachoharibika ni jina lako.

Kwenye kivuli ilikuwa gari nzuri. Lakini jua la saa sita lilipoipiga, mwili wote ulijaa mikwaruzo midogo midogo ya kuzunguka, kama buibui amefuma juu yake. Binti yangu Akinyi, kitinda mimba, ambaye kazi yake ni kuosha magari kule Obunga, akacheka.

"Hii ni kazi ya tambara chafu, Mama. Watu wanapangusa vumbi gari ikiwa kavu."

Akatoa kopo la dawa nyeupe kama krimu ya uso na kitambaa laini, akaanza kusugua kwa mkono, pole pole, kipande kama sahani, anapangusa, anaangalia, anarudia, mpaka nikachoka kwa niaba yake. Lakini milango iling'aa, nikajiona mpaka fundo la kitambaa changu cha kichwa. Nikamuuliza hiyo dawa inafanya nini.

"Iko na mchanga ndani, Mama, mchanga mdogo mpaka huwezi kuuona. Inakula rangi ya juu kidogo tu, mikwaruzo inaisha."

(Hayo ndiyo yaliniponza. Mtu asimwelezee mwanamke mzee kitu nusu.)

Dawa ikaisha, boneti bado. Akinyi akapanda boda kwenda mjini kutafuta nyingine na kumchukua Achieng' saluni. "Mama, tafadhali, boneti usiguse." Nimezaa watoto sita, na huyo wa sita ndiye ananiambia usiguse.

Nikangoja. Saa nane. Saa tisa. Nikaangalia ile boneti, nikaangalia sufuria zangu zimeinamishwa juani, sufuria ambazo akina mama wa kanisa wakiziazima wanajitazama kwanza ndiyo wapike. Zinang'arishwa na nini? Jivu. Na jivu ni nini, kama si mchanga mdogo mpaka huwezi kuuona? Nikalichunga mara mbili kwa chujio ya chai, nikalilowesha, nikachukua lesso yangu kuukuu, laini kuliko zote, nikasugua, na sikusugua pole pole kama Akinyi, nilisugua kama mtu anayejua kazi. (Lesso hiyo, nilikumbuka baadaye, ndiyo ninayofunikia omena, dagaa wetu, zikianikwa ufuoni. Pindo lote lilikuwa limejaa mchanga wa ziwa.)

Nilipomwaga maji, boneti ilikuwa imefifia kama jicho la samaki wa siku tatu.

Mtu mwenye busara angeketi chini alie. Mimi nikaleta mafuta ya kupikia. Nikapaka, na lo, yawa, ikawa nyeusi kuliko milango! Nikaifunika kwa shuka, na Akinyi aliporudi jua likizama na kopo lake jipya nikamwambia, "Boneti iko sawa, nenda ukapike." Akaenda, kwa sababu anajua mimi sisemi uongo.

Kesho yake nikatoa shuka mwenyewe, bibi harusi akaingia haraka, tukaondoka. Barabara yetu mnaijua. Tulipofika kanisani vumbi lote lilikuwa limeshika yale mafuta, boneti imekuwa kama samaki aliyepakwa unga tayari kwa kukaangwa. Kabla sijashuka nilisikia mpiga picha, "Bibi harusi, egemea hapo mbele, cheka kidogo."

"Achieng'! Toka hapo!"

Kanisa zima likageuka. Na yeye pia akageuka, ndiyo wote wakaona mgongo wa gauni jeupe.

"Wololo!" akina mama wakasema kwa sauti moja. Akinyi akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa. "Mama. Hii ni mafuta ya kupikia."

"Na jivu," nikasema. Kuficha nini tena?

"Dani, inaonekana?" Achieng' akaniuliza mimi nyanya yake, akijipinda kuangalia nyuma.

"Inaonekana," nikamwambia, nikafungua kitenge changu kipya cha harusi nikamfunga kiunoni, akaingia kuolewa nacho, mimi nimebaki na gauni la nyumbani nililovaa chini yake.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya gari yake. Nikamwendea.

"Baba, ni mimi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Uliisugua na nini, Mama?"

"Jivu la jikoni."

"Tuingie," akasema. "Mchungaji anatungoja."

Jumatatu na Jumanne Akinyi aliirudia boneti nzima kwa mkono, na mimi nikasugua naye, kipande kama sahani, yeye akinipigia kelele: "Pole pole, Mama! Hiyo si sufuria!" Nikatii. Ikarudi, isipokuwa alama moja upande wa kushoto ambako mchanga wa ziwa uliingia ndani kabisa. Nikamwomba mwalimu aniachie nimlipie fundi wa rangi. Akakataa, akasema ni kidogo.

Siku hizi akija kututembelea anaegesha gari boneti ikiangalia mlango wangu. Ananisalimia kutoka mbali kwa heshima, na mimi namletea chai nikiangalia chini, na hata nikiangalia chini naiona ile alama. Mtoto wangu akiniambia tena usiguse, nitakalia mikono yangu yote miwili.