Maharagi ya Kindu

Mwaka 2000, vita vilikuwa vimeimeza barabara ya Bukavu kwenda Kindu. Aliyetaka kuuza chumvi kule aliipitisha angani, la sivyo aliikalia. Adolphine, mjane wa soko la Nyawera mjini Bukavu aliyeanza na bakuli moja la chumvi hadi akafikia magunia, hakuwa mtu wa kukalia mali.

Asubuhi hiyo alileta chumvi yake yote uwanja wa ndege wa Kavumu. Nusu ilikuwa imeshaondoka na ndege ya mizigo. Nusu ilingoja ndege hiyo irudi. Naye alingoja kwa Maman Eulalie, muuza chakula wa pale uwanjani.

Wachuuzi wa Kavumu hawakutazama saa. Ndege ikiruka, Eulalie aliinjika maharagi makavu. Ya Shabunda ilirudi maharagi bado yakigonga sufuria kama changarawe. Ya Kindu, ambako ni mbali karibu mara mbili, iliwakuta watu wanakula.

Ndege ikatua. Adolphine akachota punje moja, akaibonyeza. Ngumu.

"Maman Eulalie, moto wako iko mugonjwa?"

"Moto yangu iko muzima. Uliza ile ndege yako."

Dany, wakala aliyewatafutia wachuuzi nafasi ya mizigo, akaja mbio. "Maman, Kindu bamepokea! Tupakize hii ingine, haraka."

"Mbona ndege imerudi mbio hivi?"

"Upepo, Maman. Iliisukuma."

"Kwenda na kurudi? Huo upepo uligeuka kwa heshima yako?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Dany hakucheka. Adolphine alikuwa akitazama nyuma yake, tumboni mwa ndege. Kindu hutoa mchele. Humo vilitoka vifuko vidogo, na kila kimoja kiliwakunja wanaume wawili. Koltani, madini mazito yanayochimbwa Shabunda. Ndiko ndege ilikokwenda, basi. Na koltani ina wenyewe, wenye bunduki. Anayewapigia kelele hupoteza chumvi na ulimi pia.

"Sawa, tonton," alimwambia, akimwita mjomba kijana wa umri wa mwanawe. "Pakiza. Lakini utapanda nayo wewe mwenyewe, ukanisalimie Kindu."

Dany akaiangalia ngazi ya ndege kama aliyeonyeshwa kaburi. Alijua itashuka wapi, na kwamba kule ndege zilipigwa risasi zikitua.

"Maman, mie niko na kazi hapa…"

"Kazi yako ni chumvi yangu. Panda!"

Akainama, sauti chini. "Chumvi iko Shabunda. Bakubwa ndio baligeuza njia."

"Bien. Sasa tunaanza kuongea."

Hakulia wala hakumlaani. Shabunda nako walikula bila chumvi. Basi, akaamuru, iuzwe kule kwa jina lake, wamlipe mawese, na ndege hiyo hiyo iyalete bila nauli. Magunia yaliyobaki yarudi Nyawera kwa kamioneti, gari dogo la mizigo la Dany. Na hadi mawese yatue, kamioneti italala uani kwa Adolphine, ufunguo mkononi mwake.

"Maman, unaniua!"

"Afadhali ufe kwa ufunguo kuliko kwa risasi."

Gunia la mwisho lilipopanda kamioneti, Eulalie akaita: maharagi yameiva. Adolphine akala sahani nzima, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kitenge, jicho moja kwa Dany, la pili kwenye ndege.