Machipukizi ya Chini ya Jicho

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu kikali, kisha nikaambiwa nikitie mfukoni na nisikitoe mpaka mwezi uishe. Nina miaka thelathini na mbili, nina mke na watoto wawili, na mzee mmoja ananiambia nitafanya kazi kwa kidole gumba! Huyo alikuwa Msimamizi wa Kitalu, Mzee Mutiso. Kitalu chenyewe kilikuwa cha kanisa letu, nje kidogo ya mji wa Machakos, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulikuza miche ya michungwa na kuwapa washirika, wajane kwanza.

Ninyi vijana mnaonunua mche kando ya barabara, hebu niwaeleze unavyotengenezwa. Tulianza kwa kupanda mbegu za limau kali, kwa sababu mizizi yake inavumilia ukame wetu. Shina likifika unene wa penseli, unapasua ganda lake kidogo na kuchomeka jicho, yaani kitumba kilichokatwa pamoja na ganda lake kutoka kwa mchungwa mtamu, halafu unafunga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu unafungua. Jicho likiwa kijani, limeshika, na hapo unakata kichwa cha limau ili nguvu yote iende kwa jicho. Lakini limau ni kaidi. Linatoa machipukizi chini ya jicho, manono, ya kijani cha kupendeza, yanayokua haraka kuliko chungwa lenyewe. Kila wiki unapita mstari kwa mstari ukiyang'oa kwa kidole gumba. Ukiyaacha yanalinyima jicho chakula, jicho linakufa, na mwenye shamba atavuna malimau.

Siku hiyo ya kwanza nilimuuliza Mzee Mutiso mbona tunang'oa yale yanayopendeza. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba yeye aliajiriwa kulea machungwa. Kwa hivyo nilijua. Asije mtu akasema sikufundishwa.

Mwaka wa sita, mzee alienda likizo kumwoza binti yake, akaniachia kitalu. Hakumaliza wiki, ikaja barua kwamba Katibu wa Maendeleo wa dayosisi atatutembelea. Kila mtu alijua anatafuta msimamizi wa kitalu kipya cha Matuu. Huko kulikuwa na nyumba ya matofali, pikipiki na cheo. Wueh, nilikitaka kile cheo! Nilikiombea asubuhi na jioni, nikafunga hata chakula cha mchana, mpaka mke wangu akaniuliza kama ninaumwa na tumbo.

Shida ilikuwa baridi ya Julai. Macho yalikuwa yamelala, hayachipui. Mstari wa mbele, miche thelathini, ulikuwa na vishina vitupu vya kutia aibu. Ila chini ya macho, machipukizi ya limau yalikuwa yanakuja vizuri sana. Nikayaacha. Tena nikayafunga kwa vijiti yasimame wima, nikajiambia nitayang'oa mgeni akishaondoka.

Katibu alikuwa mtu mnene, mchangamfu, asiyejua jani la limau wala la chungwa. Alipita mstari wa mbele akinipigapiga bega na kusifu. Kisha akamwambia dereva apakie mstari wote kwenye pikapu, kwa sababu kuna mjane wa Kyumbi, Mama Nduku, aliyengoja miche mwaka mzima, na leo atapata iliyo bora.  Nami, Mungu anisamehe, nikasaidia kupakia.

Cheo nilipata. Pikipiki ilinifurahisha wiki mbili hivi, sitadanganya. Lakini kila nilipokuja Machakos kwa ibada, Mama Nduku alinikuta mlangoni mwa kanisa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Miti niliyompa imempita kichwa, alisema. Ananiombea kila siku kabla hajajiombea yeye. Nilitabasamu na kupokea shukrani zake. Ikaendelea hivyo zaidi ya mwaka.

Jumapili moja mchungaji alituuliza, ukiruhusiwa kumwomba Mungu kitu kimoja tu, utaomba nini? Akahubiri juu ya kuomba hekima. Mimi nikakumbuka nilichokiombea kwa njaa yangu yote: pikipiki. Nilicheka kidogo peke yangu kwenye benchi, kisha nikaona aibu mpaka nikainamisha kichwa. Kesho yake nilienda kwa Mzee Mutiso, nikamwambia yote.

Aliniuliza tu: "Ulikuwa unataka nini, Kioko?"

"Nilitaka Katibu anione."

"Amekuona. Sasa nenda Mama Nduku akuone."

Nilimkuta akirudi kutoka mtoni, mtungi wa maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nilimtua mzigo, nikamwambia yote kabla sijakaribishwa kiti. Alikaa juu ya jiwe.

"Hii miti nimeinywesha maji ya mgongo wangu," akasema. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mwaitu."

Kwetu mwaitu ni mama, na siku hiyo nilimwita hivyo kama mtoto aliyevunja chungu. Alinitazama mpaka nikatamani anitukane yaishe. Mwishowe akaniuliza kama miti inaweza kupona. Nikamwambia mizizi ni mizima, tunaweza kuikata na kutia macho upya. Akasema basi nitakuja mwenyewe, naye atakuwa amesimama hapo akiona kila mti.

Nilirudisha pikipiki na cheo. Katibu alishangaa, akakasirika, mwishowe akaniombea. Nikarudi Machakos kuwa fundi wa kawaida chini ya Mzee Mutiso, na kila Jumamosi nilikwenda Kyumbi. Tulikata miti, tukangoja ichipue, nikatia macho. Siku ya kufungua nailoni ikafika. La kwanza kijani. La pili kijani. Tulipofika la kumi Mama Nduku alipiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kumeletwa bibi harusi. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, na sikuyaficha.

Mti mmoja, ule wa karibu na mlango, Mama Nduku alinikataza nisiukate. Sikuuliza kwa nini.

Nilistaafu nikikaribia miaka sitini, nikiwa fundi tu. Sikuwahi kuwa msimamizi tena, na nimelala vizuri. Bado tamaa zinanichipukia, msidhani uzee unazimaliza. Juzi nilitaka simu kubwa kama ya mkwe wangu, nikashindwa hata kusikiliza mahubiri. Siku hizi naomba hekima kwanza, kila asubuhi, kwa sababu ya jana haitoshi leo.

Jumamosi bado ninafika Kyumbi. Mama Nduku amezeeka, lakini anachuma machungwa mwenyewe. Ananipa kwanza kikombe cha maji ya limau la ule mti wa mlangoni, bila sukari, na kunitazama mpaka nimalize. Kisha anacheka, anaketi karibu yangu, na kunimenyea chungwa.