Siku Radi Ilipotukuta Mafungoni

Jirani yangu alinialika mara nyingi kabla sijakubali. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kibondo, na tangu mume wangu afariki nilikuwa nimejizoesha kwenda sehemu mbili tu, shuleni na kanisani. Kanisani nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Jirani alisema akina mama wachache wa Kasulu hukutana kila mwaka kilimani, upande wa Heru Juu, kwenye nyumba ndogo ya kanisa iliyo katikati ya miti. Hukaa siku chache wakiomba, wakitembea porini, wakinyamaza. Waliyaita mafungo, ingawa alinihakikishia kwamba chakula kipo.

"Kunyamaza naweza," nilimwambia. "Ndiyo kazi yangu."

Hakucheka. Alijua kwa nini nilinyamaza. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba asimwambie mtu yeyote huko habari zangu.

Habari zenyewe ni hizi. Mume wangu aliuawa na radi. Tulikuwa tumekwenda kwao, upande wa Kakonko, kuvuna maharage. Wingu lilipoanza kuwa jeusi nilitoka mbio hadi kando ya shamba nikamwita. "Njoo nyumbani, mvua hii si nzuri!" Akaninyooshea mkono, maana yake anamalizia kipande kilichobaki. Nilikuwa bado nimesimama pale nikimwangalia ilipopiga. Sitaeleza zaidi.

Kwetu Uha radi tunaiita inkuba, na wengi huamini kwamba haiji yenyewe, hutumwa na mchawi. Siku ya mazishi, kaburi likiwa halijafukiwa vizuri, shemeji yangu aliuliza mbele ya watu wote, "Yeye alijuaje? Mawingu tuliyaona sote. Kwa nini yeye peke yake ndiye aliyekimbia kumwita?" Nilimtazama mama mkwe nikingoja aseme neno. Aligeuza uso. Nikaondoka na nguo nilizovaa, na tangu siku hiyo sikukanyaga tena pale, wala kaburi sikuliona lilivyomalizwa.

Basi nilifika Heru Juu nikiwa mtu wa namna hiyo. Wenyeji wangu walikuwa wanawake wa kawaida, wakulima, wauza dagaa, mkunga mstaafu. Aliyetuongoza alikuwa mama mchungaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Tulilala kwenye mikeka, tukapika ugali wa muhogo nje. Niliyempenda mapema ni mama mmoja Mkongomani aliyepata kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa mnene, mcheshi, na Kiswahili chake cha Kongo kilitufurahisha. Asubuhi ya pili nilipewa zamu ya kuwasha moto na kuni zilikuwa zimenyeshewa. Nilipuliza mpaka macho yakavimba, moshi mtupu. Yeye akanisogeza kando, akachana maganda makavu ya mti, moto ukawaka.

"Mwalimu," alisema, "weye fundisha watoto tu. Moto haikujui."

Alasiri hiyo mama mchungaji alituambia kila mmoja atafute mahali pake porini, akae kimya na Mungu mpaka tutakapoitwa. Nilikaa kwenye nyasi, mgongo nikiwa nimeuegemeza kwenye kichuguu. Sikuomba. Nilisikiliza ndege, nikatazama mabonde yanavyoshuka kuelekea Kasulu mjini, na kwa muda mfupi nilihisi kifua kimelegea. Halafu upepo ukabadilika. Nilipogeuka niliona wingu jeusi limekwishapanda juu ya kilima kilichokuwa nyuma yetu.

Wenzangu wengine walianza kurudi taratibu kuelekea ile nyumba ya kanisa, ila Mkongomani alikuwa amekaa chini ya mkaratusi mrefu, macho amefumba, midomo ikicheza. Nikajiambia ninyamaze. Kabisa nikajiambia, safari hii nyamaza, mwache. Lakini miguu ilikuwa imekwishanyanyuka.

"Mama! Toka hapo! Njoo huku, toka chini ya mti!"

Akafumbua macho, akaniona ninavyopunga mikono kama kichaa, akasimama akaanza kunijia. Alikuwa amefika karibu nusu ya njia ulipotokea mwanga ule. Mlio sikuusikia kama mlio, niliusikia kwenye meno. Nilipoweza kuona tena, mkaratusi ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, maganda yake yametawanyika kwenye nyasi yakitoa moshi, na yule mama alikuwa amelala kifudifudi.

Wanawake walitoka nyumbani wakikimbia. Mkunga alimgeuza, akamshika mkono, akasema yu hai. Nami nilifanya nini? Ninaona aibu kidogo kusema. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua nikipiga kelele, "Si mimi! Jamani, si mimi! Si mimi!"

Wote waliacha walichokuwa wakifanya wakanitazama. Mvua ilianza kumwagika.

"Si wewe nini?" aliuliza mama mchungaji.

Hakuuliza kwa hila. Hakuelewa kabisa ninasema nini, na hilo lilinishtua kuliko radi yenyewe. Kwa miaka nilikuwa nimeishi nikidhani kila anayenitazama analo swali lile la shemeji mdomoni. Hawa walikuwa wananitazama bila swali lolote, wamelowa, wameshangaa.

Tulimbeba mgonjwa hadi ndani. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, masikio yanamlia, lakini akili zake zilikuwa timamu. Bodaboda hazikuweza kupanda kilima katika mvua ile, hivyo tulimfunika kwa kanga zote zilizokuwapo tukangoja. Mvua ikipiga bati, mama mchungaji akarudia swali lake, na mimi, mwenye kuweka sharti la kunyamaza, nikasema yote. Shamba la maharage, mkono alioninyooshea, swali la shemeji pale kaburini, mama mkwe alivyogeuza uso. Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya bati, karibu nikipiga kelele. Jirani yangu alilia. Wengine waliinamisha vichwa, na nikaona mwanamke mmoja, muuza dagaa, amejisogeza mbali nami kidogo. Nikajua, ni yale yale tena.

Ndipo yule mama akasema kutoka chini ya kanga.

"Bwana yako, ulimuita?"

"Nilimwita."

"Na miye uliniita?"

"Ndiyo, mama."

"Miye nilikuja. Yeye hakukuja." Akapumua kidogo. "Sasa kosa iko wapi?"

Nilikuwa nimelizungusha jambo lile kichwani usiku na mchana, nikalia juu yake, nikafunga kwa ajili yake, na sikuwahi hata siku moja kuliona kutoka upande huo. Nilimwita kwa sababu nilimpenda. Hakukuwa na kitu kingine ndani yake.

"Tena," aliendelea, "weye asubui kuni za kuloa zilikushinda. Ndiyo uweze moto ya mbinguni?"

Kisha mkunga akaguna, jirani yangu akashindwa kujizuia, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama mchungaji alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nilicheka. Niliisikia sauti yangu nikashtuka, nikadhani ni ya mtu mwingine, kisha kicheko kikageuka kilio na hawakunikataza. Muuza dagaa alinisogelea akaniwekea mkono mgongoni.

Mvua ilipokatika tulikaa mlangoni tukitazama ukungu ukitoka mabondeni. Hakuna aliyehubiri. Nilitafuta hofu yangu mahali inapokaa siku zote, hapa chini ya mbavu, na sikuikuta. Nilibaki nimekaa nikiitafuta kama mtu aliyepoteza funguo. Nilimwambia Mungu neno moja tu, asante, na lilinitosha.

Mgonjwa alipelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Miguu ilirudi. Tunapigiana simu hadi leo.

Baada ya wiki chache nilimwomba jirani na mama mchungaji wanisindikize ukweni. Nilijiandaa kufukuzwa. Shemeji alituona tukiingia uani, akachukua baiskeli yake akaondoka bila salamu. Mama mkwe alikuwa anaanika muhogo. Alikuwa amezeeka mno. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaomba jembe. Akanielekeza kwa kidevu lilipo.

Kaburi lilikuwa limemezwa na majani. Nilianza kupalilia upande wa kichwani, wenzangu wakisimama pembeni, nikiwa sijui nitaambiwa nini nikimaliza. Kidogo nikasikia jembe la pili linagonga udongo. Mama mkwe alikuwa ameinama upande wa miguuni, analima.

"Mwanangu," alisema bila kuinua kichwa, "na mimi nilimwita siku ile. Nilimwita kutoka jikoni. Niliogopa kusema."

Nilisimama na jembe mkononi. Yeye aliendelea kulima.