Jani Lililokulia Gizani

Dukani walimwita Mzee wa Kucha, kwani hakosi kununua rangi ya kucha, ile isiyo na rangi.

"Leo tunapaka mikono au miguu?" muuza duka humtania.

"Majani."

Wala hakutania. Kwenye maabara ya mimea alikofanya kazi, alipaka upande wa chini wa jani, akangoja rangi ikauke, akabandua utando wake na kuuweka chini ya hadubini. Hapo vilionekana vitundu ambavyo jani hupumulia. Jani lililokulia kwenye mwanga mkali huwa navyo tele. La kivulini, vya kuhesabika. Na likishakomaa, basi tena, haliongezi hata kimoja.

Mkewe alipougua, mwanga ulimchoma macho. Mapazia yakafungwa. Mume akaweka ua la chungu kando ya kitanda, nalo likatoa majani mapana, laini, gizani humo humo.

"Angalau mmoja wetu ananenepa," mke alisema.

Akafa. Majani yakabaki.

Baada ya mazishi alisafiri kikazi juma zima, dada yake mkubwa akabaki kumsafishia nyumba. Aliporudi alikuta mapazia yamefuliwa na ua liko barazani, juani, majani yamelala kama matambara.

"Dada, nani kakwambia ulitoe?"

"Kuna ua linalokataa jua, mdogo wangu? Hata wewe ungejianika kidogo. Unanuka uvundo."

Angeweza kumweleza kwamba vitundu vile vichache havikutosha kulipoza jani kwenye jua kali. Wageni wa maabara aliwaeleza hayo mara nyingi, wakapiga makofi. Kwa dada yake alisema, "Haya."

Alilirudisha ndani, akalinyunyizia maji kwa adabu ya mtu anayemlisha marehemu uji. Majani yakadondoka moja moja.

Kisha likachipua. Jani jipya lilipokomaa alilipaka, akachungulia: vitundu vimejaa pomoni. Hakushangaa. Majani makubwa ndiyo huyapelekea machanga habari za mwanga ulioko. Yale ya chumbani, yakiwa yanakufa, yalikuwa yameshatangaza kwamba giza limekwisha. Yeye hakuulizwa.

"Si nilikwambia jua ni dawa?" dada alishangilia. "Ona lilivyo zuri!"

"Zuri. Ila hili halimjui wifi yako."

Dada akaenda jikoni, akafungua bomba, akaliacha litiririke bila chombo chochote chini yake, ncha ya khanga machoni.