Tuliporudi Gereji

Tulikuwa watatu. Mimi nilipiga besi na kuimba, ingawa sauti yangu haikuwa ya kuimba. Mpiga drams alikuwa mtoto wa mzee mmoja Kalasinga aliyekuwa na gereji ya malori jirani na Daraja Mbili. Mpiga gitaa la solo alikuwa Mmeru wa Kikwe, aliyekuja mjini kujifunza kuchomelea vyuma, akaishia kuchomelea chesisi katika gereji hiyohiyo. Jumapili malori yakiwa yamelala, mzee alituachia funguo. Tukimwambia shikamoo alikuwa anaitikia "Marahaba, marahaba" huku ameshaziba masikio kwa vidole, akitutania, halafu huyo anaondoka zake kwenda kusali.

Enzi hizo bendi zilikuwa na wenyewe. Kiwanda kina bendi, jeshi lina bendi, shirika lina bendi, na kila bendi ina sare, gari na bwana mkubwa wa kupitisha nyimbo. Sisi hatukuwa na mwenyewe. Amplifaya tulijiundia kwa mabaki ya redio mbovu na spika za magari, na hapo ndipo nilipojifunza ufundi redio ambao ninaula mpaka leo. Tulipiga roki, tena ile ya makelele, tuliyoijua kwa kaseti ambazo binamu wa mpiga drams alikuwa akituletea kutoka Nairobi. Maneno yalikuwa ya kwetu: foleni ya sabuni, msichana wa Ngarenaro asiyejibu barua, lori lililolala porini wiki nzima kwa kukosa tairi. Watu wa mtaani walisema tunapiga mabati. Lakini mpiga solo akiingia, hata aliyekuja kutulalamikia alisimama mlangoni akasahau kilichomleta. Alikuwa anafumba macho, anainua kidevu, na vidole vinakwenda vyenyewe. Mimi nilifanya mazoezi kila siku na sikuwahi kufika hata nusu yake. Sikumwonea wivu. Nilijiona nina bahati kusimama karibu.

Halafu biashara ikafunguliwa. Sabuni ikajaa madukani, mitumba ikajaa barabarani, na kila mtu akaanza kukimbilia chake. Mpiga drams alipelekwa Kanada kwa mjomba wake. Mpiga solo alifuata vito Mererani kama nusu ya vijana tuliowafahamu. Mimi nikafungua kibanda cha kutengeneza redio Kwa Mrombo. Hatukugombana. Jumapili moja mmoja hakuja, Jumapili iliyofuata hawakuja wawili, ikawa basi.

Miaka tisa baadaye, mchana, mtu mwenye kilemba na tumbo kubwa aliinama akaingia kibandani kwangu. Nilidhani ni mteja.

"Una redio gani?" nikamuuliza bila kuinua kichwa.

"Sina redio. Nina drams zina vumbi."

Tulikumbatiana mpaka tukaangusha kopo la skrubu. Baba yake alikuwa amefariki, na yeye amekuja kuuza gereji. Mnunuzi alitaka kuifanya stoo ya soda na bia, na angechukua funguo mwisho wa mwezi.

"Jumapili hii tupige," akasema. "Mara moja tu. Tufungue milango, anayetaka kusikia asikie. Yule bwana wa Kikwe unamwona?"

Niliona aibu. Nilisikia ameacha machimbo amerudi kwao kulima; Kikwe si mbali, na nilikuwa sijakanyaga huko kwa miaka mitatu.

Nilikwenda Alhamisi. Mke wake alikuwa uani akifunga vitunguu mafungu, akanikaribisha, "Karibu shemeji," na kunionyesha shambani. Mume wake alikuwa ametugeuzia mgongo, anapalilia. Nilimwita. Nikamwita tena kwa nguvu. Nikafikiri amenuna kwa kuwa nimepotea muda mrefu.

"Usimwite, shemeji," mke akasema taratibu. "Zunguka mbele yake, akuone."

Akanieleza tukiwa bado tumesimama pale. Ilikuwa baruti za machimboni. Mara ya kwanza alitoka shimoni na mlio masikioni, kama nzi aliyenasa kwenye chupa, na baada ya siku mbili ukaisha. Mara ya pili haukuisha. Akaendelea kushuka shimoni, kwa sababu wenzake wote walikuwa na milio. Kidogo kidogo dunia ikazimika. Hospitali walimpima wakasema mshipa wa kusikia umekufa, na hata kile kifaa cha kuweka sikioni hakitamsaidia.

Mimi ni fundi wa sauti. Redio ikiwa bubu naifungua, nagusa hapa na pale, napata penye tatizo. Kwenye lile shamba la vitunguu hapakuwa na cha kufungua.

Aliponiona alicheka, akanikumbatia, akaanza kuongea kwa sauti ya juu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Tukakaa ndani, tukaletewa loshoro ya maziwa mgando, tukala. Nilimwambia habari ya Jumapili nikitamka polepole, yeye akiniangalia midomo. Sitaficha: nilikuwa nikiomba akatae. Akikataa, yangekwisha pale pale.

"Nitakuja," akasema.

Akaingia chumbani akatoka na gitaa lake, limefungwa kwenye blanketi. Akaliegemeza tumboni, akapiga nyuzi mbili tatu. Zilikuwa zimelegea vibaya, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Nalisikia hapa," akasema, akigusa tumbo. "Vidole vinajua njia. Drams nitaangalia mikono yake. Nyuzi utanikazia wewe." Halafu akanisogelea. "Ila usimwambie. Akijua atanipigia kwa huruma. Nataka nipige mara moja na mtu asiyejua."

Nikakubali.

Jumapili tulikutana asubuhi kwa mazoezi mafupi. Mpiga drams alikuwa na furaha ya mtoto, anasema hili na lile, na mara mbili alimuuliza mwenzetu swali akiwa nyuma yake.

"Mbona hanijibu huyu?"

"Si unamjua," nikasema. "Akishika gitaa hasikii mtu."

Akacheka sana. Nilikaza nyuzi za gitaa la rafiki yangu kwenye kona, nikimpa mgongo mpiga drams, kama mtu anayeiba.

Saa tisa tukafungua milango. Walikuja majirani, mafundi wa zamani wa gereji, akina mama waliotoka kanisani na watoto wao, vijana wasiotujua waliofuata kelele. Jua liliingia mpaka katikati ya sakafu, taa hatukuwasha. Mgawo wa umeme ulikuwepo miezi ile, lakini zamu ya upande wetu ilikuwa Jumanne, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi.

Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda. Zilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili kuota. Alisimama akimtazama mpiga drams mikononi, akiingia panapotakiwa, akitoka panapotakiwa, na mimi nilianza kuamini kwamba labda mke amekosea, na daktari amekosea. Mpiga drams alinikonyeza kwa furaha. Tukaingia kwenye wimbo wa lori, ule wenye solo ndefu katikati. Tulipofika pale, mwenzetu akafumba macho, akainua kidevu.

Umeme ukakatika.

Besi yangu ilikufa mkononi. Watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja, kama kawaida ya watu umeme ukikatika. Mpiga drams aliinua vijiti juu, akatikisa kichwa, akicheka. Halafu kicheko kikamwishia usoni, kwa sababu mpiga solo alikuwa anaendelea.

Gitaa la umeme lisilo na umeme halina sauti ya kufika popote. Kulikuwa na mkwaruzo mwembamba tu, kama mtu anayekuna bati kwa ukucha. Yeye macho yamefumbwa, uso umejaa raha, vidole vinapanda na kushuka. Mama mmoja alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Mpiga drams alinigeukia, na nilimwona akiunganisha mambo moja moja: maswali yasiyojibiwa, sauti ya juu, macho yaliyoganda mikononi mwake tangu asubuhi.

Ningeweza kumgusa bega. Zilikuwa hatua mbili. Sikuweza. Nilifikiri, nikimgusa anafumbua macho mbele ya mtaa mzima. Nikimwacha, anafumbua macho vilevile, baadaye kidogo tu.

Mpiga drams akashusha vijiti akaanza kupiga, taratibu, kwa mwendo uleule tuliouacha. Nikaelewa alichotaka: macho yatakapofumbuka, yakute mikono inafanya kazi. Nami nikaanza kubonyeza nyuzi zisizolia. Alipofumbua macho alituona wote wawili tumo, akatabasamu, akaingia kwenye kiitikio. Nikaimba bila maiki. Tulimdanganya hivyo mpaka mwisho wa wimbo, na watu wote wale walituangalia tukimdanganya, wala hakuna aliyetoka.

Tulipomaliza aligeuka kupunguza sauti ya amplifaya. Ile taa ndogo nyekundu ilikuwa imezimika. Aliweka kiganja juu ya spika akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Umekatika saa ngapi?" akauliza kwa ile sauti yake kubwa.

Akanitazama mimi, mdomoni.

"Mwanzoni mwa solo," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa kukubali. Akachomoa waya, akauviringisha kati ya kiganja na kiwiko, vizuri kabisa. "Na ninyi mkaendelea," akasema. Sikujua kama anatushukuru au anatulaumu.

Umeme haukurudi siku ile. Watu walitawanyika. Nje, mpiga drams alinishika kola ya shati.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia ningeleta jenereta! Ningemsimamia karibu! Ningefanya kitu!"

"Alinikataza."

Akaniachia, akakaa chini kwenye tairi bovu akalia, kilemba kikiwa kimelegea. Nilikaa naye. Kabla hajaondoka alimpeleka mwenzetu kwa daktari mwingine, wa kulipia, na huyo naye akasema yaleyale kwa maneno marefu zaidi. Mwisho wa mwezi alikabidhi funguo akarudi Kanada. Alituandikia mara mbili.

Mimi nilianza kwenda Kikwe kila nipatapo nafasi. Sikuwa na la kumfanyia. Nilikaa tu mbele yake na kutamka polepole. Asubuhi moja, miezi kama minne imepita, tulikuwa tumekaa kwenye tuta la mfereji, akanigeukia bila utangulizi.

"Siku ile. Ile solo. Niliipiga vizuri?"

Aliniangalia mdomo, akisubiri. Ningeweza kusema ndiyo, ni neno fupi na lingesomeka.

"Sikuisikia," nikasema.

Hakulipata. Akanisogelea, akakunja uso. "Umesemaje?"

Ikabidi nirudie. Safari hii alilipata, nililiona likimwingia. Alitazama shamba, akasema tumwagilie kabla jua halijawa kali, akasimama, akachukua ndoo moja. Nami nikachukua nyingine, nikamfuata.